Msikilizaji Aketi Wapi? Mjadala juu ya Muziki wa Sauti ya Mzunguko katika Nyumba za Kigali

Swali la mjadala huu ni moja, ingawa milango yake ni mingi: mtunzi anayetengeneza muziki ili usikilizwe sebuleni kwa spika tano, sita au zaidi, zilizopangwa mbele, ubavuni na nyuma ya msikilizaji, amkalishe msikilizaji huyo wapi? Amwache mbele ya wapigaji, mgeni mwalikwa aliyepewa kiti chake, au amwingize katikati yao, ngoma moja bega la kulia na nyingine bega la kushoto, asikie kile ambacho hadi leo kimesikiwa na wapigaji peke yao? Biashara ya mitambo hulipita swali hili kwa haraka, kwa kuwa kwake jambo limekwisha pale sanduku linapotoka dukani. Lakini kwa mtu aliyezipenda ngoma na makondera, yaani mabaragumu, ya Rwanda, na ambaye angetaka ziingie katika zama hizi pasi na kupoteza umbo lake, hili ndilo swali la awali, na mengine yote ni matawi yake.

Nimeuweka mjadala Kigali, na nimeuweka katika Kiswahili, kwa sababu Kiswahili hakikuingia mjini hapa mwaka 2017 kilipokubaliwa kuwa moja ya lugha rasmi za Rwanda. Kilikuwapo Biryogo na Nyamirambo miongo mingi kabla ya hapo, katika mitaa ya Waislamu, wachuuzi na madereva, na kwa lugha hiyo watu wa mitaa ile wamezoea kubishana juu ya muziki kama wanavyobishana juu ya mpira. Wasemaji ni wanne, nao si watu mahsusi bali ni mitazamo niliyoipa vinywa: mwenye duka la mitambo katika mtaa wa Matheus, fundi wa studio, mzee wa Biryogo, na mwanamke mpiga ngoma. Pale ambapo nafsi yangu haikuweza kunyamaza nimeingia mwenyewe.

MWENYE DUKA: Mzee wetu, dada, nawe bwana fundi, nitasema niyaonayo wala sitazidisha. Mteja huja akanunua lile sanduku ambalo kila mtu huliita homu thieta, ambalo ndani yake mna spika ndogo tano, sabufa moja ya kubeba besi, na nyaya. Hulichukua kwa furaha. Akifika kwake huona kwamba waya wa spika za nyuma haufiki nyuma, au unafika lakini unapita mlangoni ambapo watoto watajikwaa, basi huzipanga spika zote tano kwa safu moja juu ya meza ya televisheni, sabufa huisukuma pembeni nyuma ya kochi, na hapo huhesabu kwamba kazi imekwisha. Nimeingia nyumba nyingi kufunga mitambo, na ile iliyopangwa kama karatasi ya maelekezo inavyoagiza ni nadra mno. Na hao ndio wenye uwezo. Walio wengi husikiliza kwa simu, au kwa spika moja ya bluetooth isiyojua kushoto wala kulia, ambayo huwekwa jikoni asubuhi na uani jioni. Sasa naomba niambiwe: huu muziki wa kumzunguka mtu, unatungwa kwa ajili ya mtu gani?

FUNDI: Hoja yako ni ya kweli, lakini ni kweli ya nyaya, si kweli ya muziki. Karatasi hiyo ya maelekezo haikuandikwa kwa kubahatisha. Mwaka 1992 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, lenye makao yake Geneva, lilitoa pendekezo ambalo mafundi wa dunia hulifuata hata sasa: spika ya kati ielekee uso wa msikilizaji, za kulia na kushoto ziwe digrii 30 kutoka hapo, na mbili za nyuma ziwe kiasi cha digrii 110, yaani si mgongoni hasa bali nyuma kidogo ya masikio, na zote tano ziwe umbali mmoja kutoka kichwani. Umbali huo una sababu yake. Sauti hukata hewani takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo karibu zaidi kwa mita moja hufikisha ujumbe wake mapema kwa sehemu tatu hivi za elfu moja za sekunde. Nalo sikio, kama alivyobainisha Mjerumani Helmut Haas mwaka 1949, huamini kuwa sauti imetoka kule ilikoanza kusikika, ijapokuwa spika nyingine inasema maneno yale yale kwa nguvu ile ile. Ndiyo maana aliyeketi ubavuni mwa spika moja haoni duara lolote. Kwake muziki wote umetoka katika tundu moja, na hulaumu mtambo ilhali kosa ni la kiti.

MZEE: Mwanangu, na kabla ya huo mwaka 1992 watu hawakuwa na masikio?

FUNDI: Walikuwa nayo, mzee, na walihangaika sana. Mwishoni mwa karne ya 16, katika kanisa la Mtakatifu Marko huko Venice, Giovanni Gabrieli alizigawa kwaya na ala katika roshani zinazokabiliana, sauti zikawa zinaitana juu ya vichwa vya waumini. Mwaka 1931 Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya njia ya kunasa na kutoa sauti kwa spika mbili, na hiyo ndiyo asili ya stirio tunayoitumia mpaka leo. Mwaka 1940 Walt Disney na Leopold Stokowski waliionyesha filamu ya Fantasia kwa spika zilizouzunguka ukumbi, kwa gharama ambayo majumba machache sana ya sinema yaliweza kuibeba. Mwaka 1956 Karlheinz Stockhausen alipiga mjini Cologne kazi aliyoitunga tangu mwanzo kwa makundi matano ya spika, wala hakuichukua kazi ya spika mbili akaitanua. Kisha katika miaka ya 1970 makampuni yaliingiza majumbani muziki wa spika nne, ukashindwa kabla muongo haujaisha.

MWENYE DUKA: Ulishindwa kwa nini? Hilo linanihusu.

FUNDI: Kwa sababu mbili. Kwanza, makampuni yalileta mifumo iliyoshindana: sahani ya CBS haikutoka sawasawa katika mashine ya Sansui, na ya JVC ilidai sindano yake yenyewe, hata mnunuzi akaona heri abaki na spika zake mbili. Pili, spika nne zilizowekwa kila pembe ya chumba ziliziacha zile mbili za mbele mbali mno, digrii 90 baina yake, na sauti ya mwimbaji iliyopaswa kusimama katikati ikapwaya. Sinema ndiyo iliyoponya kasoro hiyo kwa kuongeza spika ya kati, na tangu mwaka 1992 Dolby walipoileta sauti ya dijitali yenye njia tano kamili na ya sita ya besi, ndipo homu thieta unazouza zilipopata umbo lake. Nalo jambo la karibuni ni kubwa zaidi. Katika mfumo wa Atmos, uliotokea mwaka 2012 katika sinema na kuingia majumbani mwaka 2014, fundi haandiki tena kwamba sauti hii itoke spika ya nyuma kulia. Huandika kwamba sauti hii iko mahali fulani chumbani, na mashine ya msikilizaji hufanya hesabu yake kwa spika ilizo nazo, ziwe kumi na mbili, ziwe mbili, ziwe hedifoni za simu. Tangu Juni 2021 Apple Music hupokea nyimbo za namna hiyo. Kwa hiyo yule mtu uliyemuulizia, aliyekaa ndani ya basi la kwenda Remera na simu mkononi, naye amo katika hadhira yangu.

Hapa sharti niseme neno. Fundi amejibu vyema juu ya mitambo, lakini jibu lake lina mtego ambao wengi wameuangukia. Mlango ulipofunguliwa mwaka 2021, makampuni mengi ya muziki yalikimbilia akiba zao za zamani. Nyimbo zilizotungwa, kupigwa na kupimwa kwa spika mbili zilipasuliwa, gitaa likatupwa nyuma, waitikiaji wakapandishwa darini, zikauzwa upya kwa jina jipya. Ziko zilizofanywa kwa insafu na mafundi wenye adabu, na ziko, nazo ni nyingi, ambazo zimepoteza kile kilichozifanya zipendwe, maana wimbo wa dansi wa miaka ya 1970 ulitungwa ala zisimame bega kwa bega na kusukumana, na ukizitawanya unaua ule msukumo. Sioni fahari yoyote kwa Kigali kuifuata njia hiyo. Kama sauti ya mzunguko ina haki ya kuwapo hapa, na iwe kwa muziki ambao tangu asili yake ulikuwa na pande zaidi ya moja. Nao upo.

MPIGA NGOMA: Upo, na mimi natoka humo. Mnajua kwamba nchini kwetu ngoma zilikuwa za wanaume, na mwanamke hakuruhusiwa kushika mikwiro; mwaka 2004 Odile Gakire Katese alipoanzisha kule Huye kikundi cha wanawake kiitwacho Ingoma Nshya, mlango ukafunguka, nasi wengine tukaingia kwa mlango huo. Basi nitasema kama mtu aliyesimama nyuma ya ngoma, si mbele yake. Ngoma zetu husimama kwa nusu duara. Ile ndogo, ishakwe, ndiyo kiongozi: sauti yake ni nyembamba na kavu, ndiyo inayotoa agizo na kushika mwendo, na sisi wengine wenye inyahura na igihumurizo hujibu na kubeba. Anayeketi mbele yetu husikia ngurumo moja kubwa, na hupiga makofi kwa ngurumo hiyo. Mimi siisikii ngurumo. Mimi naisikia ishakwe upande wangu wa kushoto ikiniita, naisikia inyahura ya jirani ikinijibu kwa nyuma kidogo ya pigo, na besi naisikia zaidi kwa nyayo kuliko kwa masikio. Huo ndio muziki wetu kama sisi tunavyoujua, na sijapata kuusikia katika kanda wala sahani yoyote. Kama kuna mtambo unaoweza kumpa mtu mahali pangu, nautaka.

MZEE: Binti yangu, nimekusikia, na sina haja ya kukukatisha tamaa, lakini nina la kusema juu ya adabu. Ngoma za Nyanza, makao ya ufalme, zilipigwa kwa Mwami, mfalme wetu, zikimwelekea. Wacheza densi wa Intore walicheza kwa safu, nyuso zao kwa watazamaji, na kengele za amayugi vifundoni zikalia kwa pamoja kwa sababu zilipaswa kusikika kwa pamoja kutoka mbele. Mgeni haketi baina ya ngoma. Kumweka mtu katikati ya wapigaji ni kumpa heshima asiyoistahili, na ni kumnyima ile aliyostahili, ambayo ni kuupokea muziki ukiwa umekamilika.

MPIGA NGOMA: Mzee wangu, Mwami alikuwa mmoja na wapigaji walikuwa wengi. Mbona katika kusikia tumeurithi upande wake tu, na upande wao hatukuurithi?

MZEE: Hilo ni neno zito, na nitalifikiri. Lakini nipe inanga. Je, inanga nayo utaizungusha? Ni ubao mrefu uliochimbwa kina kidogo, na uzi mmoja mrefu unaopitishwa juu yake kwenda na kurudi hata ukafanya nyuzi kadhaa. Mtu mmoja hukaa chini nayo, akaimba karibu kwa mnong’ono, habari za vita, ng’ombe na watu waliopita. Nimemsikia Sentore Athanase, na nimemsikia Sophie Nzayisenga aliyejifunza kwa baba yake, na katika wote wawili muradi ulikuwa mmoja: mtu mbele ya mtu. Ukiniwekea uzi mmoja kulia na mwingine nyuma yangu, umeniingiza ndani ya ubao, na ndani ya ubao hakuna anayesimulia hadithi.

FUNDI: Hapo nakuunga mkono bila sharti, mzee. Inanga nitaiweka mbele, katikati, karibu. Na spika za nyuma sitazipa chochote isipokuwa chumba chenyewe, yaani ule mwangwi mdogo wa kuta unaomjulisha msikilizaji kuwa yumo katika nyumba moja na mwimbaji. Kimio Hamasaki wa NHK, shirika la utangazaji la Japani, amewafundisha wenzake njia ya kuupata mwangwi huo: maikrofoni nne hupangwa mraba wenye upande wa mita mbili au tatu, mbali na mpigaji, kila moja ikiwa imempa mpigaji upande wake usiosikia na kuelekeza masikio yake kutani. Zinanasa chumba, hazinasi ala. Fundi anayejua kazi hutumia muda mrefu zaidi kuzisogeza hizo nne kuliko muda anaotumia kwa maikrofoni ya mwimbaji.

MPIGA NGOMA: Na ngoma?

FUNDI: Ngoma ni jambo jingine, na makondera ni jambo jingine zaidi. Katika makondera kila mpulizaji ana baragumu yake na sauti yake, na hakuna hata mmoja anayeushika wimbo mzima. Wimbo huzaliwa baina yao, kwa kupokezana. Ukiunasa kwa maikrofoni moja unapata wimbo lakini unapoteza namna unavyozaliwa. Ukiugawa kwa spika mbili unapata kidogo. Ukimweka msikilizaji katikati na mabaragumu yakamzunguka, basi atausikia wimbo ukipita hewani kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, na hapo mtambo haujautilia muziki chumvi. Umeurudishia haki yake. Sidhani kama katika Ulaya nzima kuna mtunzi aliyekuwa na mali kama hii mkononi alipoketi kutunga kwa spika tano.

Ningependa msomaji asiyapite haraka maneno hayo ya mwisho, maana ndiyo kiini cha hoja yangu mwenyewe. Mwaka 1952 Hugh Tracey, ambaye miaka miwili baadaye alianzisha huko Afrika Kusini maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, alifika Rwanda na kuzinasa ngoma za kasri la Mwami. Ilikuwa kazi ya thamani kubwa, na shukrani zake hazitakwisha. Lakini mitambo ya wakati ule ilikuwa na njia moja tu ya sauti, na yeye alizoea kuishika maikrofoni mkononi, akiisogeza kwa ala aliyotaka isikike. Kwa hiyo tunasikia pale mkono wake ulipokuwa, na hatuwezi kujua nani alisimama kulia na nani kushoto, wala jinsi walivyoitana. Mwaka 1961 ufalme ukaondolewa, na pamoja nao ukaondoka utaratibu uliozifanya ngoma zile zipigwe kila siku. Kisha ukaja mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Rugamba Sipiriani, mshairi na mtunzi aliyeunda kikundi cha Amasimbi n’Amakombe, aliuawa Kigali tarehe 7 Aprili pamoja na wengi wa nyumba yake, na katika nchi nzima waliuawa waimbaji, wapigaji na walimu wa ngoma ambao hatuna hata hesabu ya walichokijua. Sauti isiyonaswa na mahali pake hairudishwi mahali pake na mtambo wowote utakaobuniwa baadaye. Kwa ajili hiyo nasema kwamba mjadala huu si wa anasa ya matajiri wa Nyarutarama. Ni mjadala wa kile kitakachobaki. Na wakati wake ndio huu, kwa kuwa Intore imeandikwa na UNESCO mwaka 2024 katika orodha ya urithi wa wanadamu, na tangu mwaka 2014 nchi ina shule ya muziki iliyoanzia Nyundo, yenye vijana wanaojua ala na wanaojua mitambo.

MWENYE DUKA: Mwandishi ameingia na mambo makubwa, nami narudi kwenye madogo. Bwana fundi, spika tano zikiwa zote juu ya meza moja, muziki wako utatokaje?

FUNDI: Utatoka, kama nimeutunga kwa hadhari, na kama sikuwa na hadhari, utaharibika vibaya. Nitakupa mfano mmoja, nao ndio kosa la kwanza la kila anayeanza. Katika zile njia sita, tano hubeba sauti nzima, na ya sita hubeba besi peke yake, isiyozidi mitetemo 120 hivi kwa sekunde. Iliundwa kwa ajili ya milipuko ya sinema. Fundi mgeni huona ngoma kubwa, akasema hii ni besi, akaitia yote katika njia ya sita, na studioni hufurahi maana ukuta unatikisika. Kisha wimbo unakwenda kwa watu. Simu na televisheni zenye spika mbili hulazimika kuzikunja njia sita ziwe mbili, na katika kukunja huko, kwa kawaida, njia ya sita hutupwa. Ngoma kubwa imekwisha. Watu wanasikia ishakwe inaita na hakuna anayeitika. Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba hakuna ngoma itakayoishi ndani ya njia ya besi peke yake. Igihumurizo itakaa katika spika zake kamili, na sabufa itaupokea uzito wa chini tu kutoka humo, kama mtambo wa nyumbani unavyojua kufanya.

MWENYE DUKA: Na zile za nyuma?

FUNDI: Nazo hukunjwa zikaungana na za mbele, zikiwa zimepunguzwa nguvu. Kwa hiyo neno linalobeba maana ya wimbo haliwekwi nyuma, na sauti moja haiwekwi mbele na nyuma kwa kuchelewesha kidogo ili ionekane pana, kwa maana zikikutana katika spika moja ya bluetooth zitafutana. Kila wimbo nitausikiliza mara tatu kabla ya kuuachia: kwa spika zote, kwa mbili, na kwa moja. Lile linalopotea katika moja nitaliuliza kwa nini lipo.

MPIGA NGOMA: Nami nitakuuliza la upande wangu. Nimesikia mara moja, katika mtambo wa maonyesho, ngoma ikizungushwa kichwani kwa mtu kama nzi. Hilo sitalikubali. Ngoma ina miguu, imesimama ardhini.

FUNDI: Hutaliona kwangu, dada, na licha ya heshima ya ngoma kuna sababu ya sikio lenyewe. Mbele ya uso, sauti ikitoka sawasawa katika spika mbili, sikio huijenga sura ya sauti hiyo hewani baina yake na kuiamini. Ubavuni haliwezi, baina ya spika ya mbele na ya nyuma sura ile huyumba, na ukigeuza kichwa kidogo huruka. Kwa hiyo ngoma ya ubavuni sitaiweka baina ya spika, nitaiweka ndani ya spika, nayo itasimama pale pale kutoka pigo la kwanza hata la mwisho.

MZEE: Sasa mimi ni mkazi wa Biryogo, ambako ukuta wangu ni ukuta wa jirani. Haya mabesi yenu yataishia sebuleni kwa nani? Polisi wa mji huu hawana subira na kelele za usiku, na sidhani kama wana kosa.

FUNDI: Huna ulinzi wa ukuta, mzee, na sitakudanganya. Sauti ya mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa mita nane na nusu, yaani refu kuliko sebule nyingi za mtaa wako. Wimbi kama hilo haliheshimu tofali. Ndani ya chumba chenyewe hurudi na kujigonga, likazidi pembeni na kupungua katikati, hata watu wawili katika kochi moja wakasikia besi mbili mbalimbali. Dawa ni kuitoa sabufa pembeni, na kuishusha mpaka isijulikane kuwa ipo ila inapozimwa; zulia juu ya vigae na mapazia mazito hutuliza sauti za juu tu, besi hayaizuii. Na kwa mtunzi, dawa ni kutoujenga muziki juu ya besi. Ngoma zetu hazikujengwa juu ya besi. Zilijengwa juu ya kuitana.

MPIGA NGOMA: Hapo umesema maneno yangu. Basi tunao wajibu wa kuelewana juu ya jambo moja kabla ya maikrofoni. Watakaonaswa sauti zao moja moja, kila ngoma na njia yake, wanakabidhi kitu kikubwa kuliko wanaonaswa kwa pamoja, kwa sababu pigo langu likiwa peke yake linaweza kukatwa na kutiwa katika wimbo wa mtu mwingine nisiyemjua. Nataka iandikwe kwamba zile njia mbalimbali ni mali ya wapigaji na hazitumiki mbalimbali bila idhini yao, na kwamba malipo yatagawanywa kwa wote wanaopiga, si kwa kiongozi na mwenye studio.

FUNDI: Ni haki, na itaandikwa. Nami nina ombi. Njia zote zihifadhiwe kama zilivyonaswa, pamoja na mchoro wa nani alisimama wapi na kwa umbali gani, ili atakayekuja na mtambo tusioujua leo aupange upya muziki huu pasi na kubahatisha.

MZEE: Mimi nilikuwa mpinzani, na katika inanga nabaki mpinzani. Katika ngoma nimelegea, kwa sharti kwamba msikilizaji apewe njia mbili: moja ya mgeni aliye mbele, na moja ya mpigaji aliye ndani, na achague mwenyewe, wala asiambiwe kuwa hii ya pili ndiyo iliyo bora.

FUNDI: Njia zikiwa zimenaswa moja moja, miksi mbili kutoka kwa kazi moja si mzigo. Nitazinasa siku ya onyesho lenu, dada, ukumbini.

MPIGA NGOMA: Siku ya onyesho usije. Siku hiyo sote tumegeukia watu, na tunapiga kwa ajili ya macho yao. Njoo siku ya mazoezi, ambapo sisi hufunga duara na kutazamana, na anayekosea husikika na wenzake wote. Weka maikrofoni zako katikati, pale asipokaa mtu.

MWENYE DUKA: Nami nipeni nakala mapema. Dukani nitazitoa spika tano mezani, nizipange kama ile karatasi inavyosema, nitandike zulia, niweke kiti kimoja katikati, na kila mteja aketi pale kwanza kabla hajaniuliza bei.